Mabinti wa Ngazini

Jengo lile lilikuwa na orofa nne na ngazi moja, na ngazi hiyo ndiyo iliyowafundisha kuimba. Ilikuwa ya saruji tupu, nyembamba, isiyo na dirisha mpaka juu kabisa. Neno lolote ulilolitupa pale chini lilipanda likizunguka, kisha likakurudia limenenepa. Watoto walipiga kelele humo ili wasikie sauti zao zikirudi na ndevu. Wanawake waliopanda na ndoo walishusha pumzi kwenye kila kona, na jengo zima likahema pamoja nao.

Dada Mkubwa aliishi orofa ya pili na mama yake na mdogo wake. Jina hilo alipewa na mdogo wake alipokuwa bado anatambaa, likaenea jengo zima, hata mlinzi wa geti, mzee mwenye wajukuu, akawa anamwambia, "Hujambo, Dada Mkubwa," naye akiitikia bila kucheka. Kweli alikuwa mtu wa kuitwa hivyo. Alikuwa na mabega ya kubebea, mwendo wa taratibu, na sauti nzito iliyomfanya shuleni awekwe mstari wa nyuma pamoja na wavulana. Mama yao alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Aliondoka kabla ya jua na kurudi na vidole vilivyokunjamana kama karatasi iliyolowa. Baba alikuwa amekwisha kufa.

"Mimi niko kwenye mashuka," mama alimwambia binti yake mkubwa tangu zamani. "Wewe uko kwenye huyu."

Huyu alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho, mwembamba, mkaidi, wa kucheka na kununa katika pumzi moja. Na alikuwa na sauti. Ilipanda wima kama moshi siku isiyo na upepo, na ilipofika pale ambapo sauti za wengine hugeuka kelele, yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inanyoosha miguu.

Wa tatu wao alikuwa binti wa fundi viatu wa orofa ya juu. Alivunja meno mawili ya mbele kwa kuruka ngazi, wakamwita Mapengo, akalipenda jina. Aliimba sauti ya kati, na kati ya wimbo na wimbo alisema maneno ya kuvunja mbavu.

Hawakuwa na gitaa wala kinanda. Walichokuwa nacho ni friji kuukuu la duka lililokuwa chini ya ngazi, friji lililonguruma mchana kutwa kwa mngurumo mmoja usiopanda wala kushuka. Dada Mkubwa alifumba macho, akausikiliza, akauchukua mdomoni, akawapa wenzake: mmmm. Wao wakaanzia hapo. Hawakujua kuanza kwingine. Baada ya muda hakulihitaji tena friji, maana mngurumo ule ulikuwa umehamia kifuani mwake. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamwomba sauti ya kuanzia, akakupa ile ile, akageukia ukutani akaendelea kulala.

Meneja aliwakuta hapo ngazini. Alikuwa mtu wa kukodisha viti na spika kwa sherehe za watu, na siku hiyo alikuja kufuata viti vyake kwa mpangaji mmoja. Alisimama na kiti kimoja kila mkono mpaka wimbo ukaisha.

"Nani meneja wenu?" akauliza.

"Mama yake huyu," Mapengo akamwonyesha Kitinda, "lakini saa hizi yuko kwenye mashuka."

Akawapa jina, Mabinti wa Ngazini, akawapeleka kurekodi katika chumba kilichofunikwa kuta zake kwa magodoro. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Kitinda akawekwa karibu nacho, Mapengo hatua moja nyuma, na Dada Mkubwa mlangoni kabisa. "Sauti yako, dada, inamwagika," fundi mitambo alimwambia. Waliimba kama walivyozoea, kwa sauti ya friji, na baadaye mpiga kinanda akaja akapanga vyombo vyake chini ya sauti zao.

Wimbo uliitwa "Nifungulie." Ulikuwa wimbo wa kitoto, wa msichana anayebisha hodi kwenye moyo wa mtu, na maneno yake mengi Mapengo aliyatunga akiwa anasugua sufuria. Lakini mwishoni wale wawili walinyamaza, Kitinda akabaki peke yake na neno moja, "njoo," akalipandisha, akalipandisha tena, akalishikilia kule juu mpaka msikilizaji akasahau kupumua. Redio ikaupenda. Mtaani watu waliipa sehemu ile jina, wakaiita "pale." Ungesikia mtu kazini kwake anamkemea mwenzake: "Nyamaza kidogo, wanafika pale."

Mwaka mmoja wakawa watu. Wasichana walikata nywele kama Kitinda. Kinyozi wa mtaa wa pili akawachora ukutani kwake, wote watatu, na kwa heshima akamchora Mapengo na meno yote. Mapengo akaenda kulalamika. "Haya meno umenipa ya nani? Yafute, mwenyewe akija kuyadai nitasema nini?" Waliimba kwenye kumbi za shule, kwenye mikutano ya wafanyabiashara, kwenye uzinduzi wa duka la magodoro. Meneja alileta spika tu, bila wapiga vyombo. Dada Mkubwa aliwapa sauti, wakaanza.

Kisha Kitinda akafika miaka kumi na sita na koo likaanza kumgeuka. Asubuhi aliamka na sauti ya mzee mvuta sigara. Alikunywa maji ya moto na asali, alikohoa, mpaka adhuhuri sauti ikafunguka, na jioni akaitumia yote. Kila baada ya pale alirudi nyuma ya jukwaa ameshika shingo, macho yamelowa.

Mama akampeleka kwa daktari wa koo kule kule hospitalini. Daktari alimwangaza kwa kioo kidogo na kurunzi, akakunja uso.

"Kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Bado vidogo. Anyamaze miezi mitatu. Sisemi asiimbe. Nasema anyamaze."

"Hata shikamoo?" Kitinda akauliza.

"Hata hiyo. Punga mkono."

Meneja aliposikia alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Miezi mitatu! Mama yangu, wimbo ni mkate, haungoji. Kabla ya miezi mitatu watu watakuwa wanakula mwingine."

"Mimi mambo ya nyimbo siyajui," mama akajibu. "Najua koo ni la mtoto wangu."

Aliyekataa alikuwa mwenye koo. Alinyamaza siku chache, akizunguka chumbani kama kuku aliyefungwa mguu, akipunga mkono kwa watu wasiomwelewa. Kisha akasema kwa sauti kavu, mbele ya mama anayekunja nguo, "Nikinyamaza mimi ni nani? Nitakuwa mtoto wa mfua mashuka tu."

Mama aliendelea kukunja. Alikunja mpaka nguo zikaisha, halafu akamwita binti yake mkubwa jikoni. "Mimi hanisikii tena. Koo lile nakuachia wewe. Likiharibika nitakuuliza wewe."

Hivyo ndivyo Dada Mkubwa, ambaye hakuwahi kuutaka umaarufu na aliyekuwa mlangoni siku ulipoingia, akajikuta amekabidhiwa koo la mtu mwingine alilinde. Na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni ile mmmm yake.

Akaishusha. Siku ya kwanza aliishusha kwa unene wa uzi, katika ukumbi wa shule moja, kama mwizi. Hakuna aliyegundua. Wiki iliyofuata akashusha uzi mwingine. Alikuwa kama fundi anayepunguza gauni pindo kidogo kidogo huku mwenyewe amelivaa. Wimbo ulibaki ule ule, maneno yale yale, pale palifika kwa wakati wake na watu wakapiga makofi, ila pale penyewe palikuwa pameteremka. Baada ya miezi miwili Kitinda alikuwa haamki tena akikohoa.

"Mnaona?" alisema siku moja, anapaka mkate siagi. "Daktari wenu mwongo. Nimepona mwenyewe, tena nikiimba."

Mama alicheka kwa furaha, akamtazama binti yake mkubwa kwa macho ya kushukuru. Dada Mkubwa alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

Aliyejua ni Mapengo, kwa sababu sauti ya kati ilianza kukwaruza sakafu. "Shoga," alimnong'oneza wakipanda ngazi, "mbona siku hizi naimba natazama viatu vyangu? Tukiendelea hivi tutamkuta baba yangu chini ya benchi anatafuta misumari."

"Anapona."

"Mwambie basi."

"Nikimwambia atataka turudi juu siku hiyo hiyo. Unamjua."

"Namjua. Lakini mficha maradhi, shoga…"

"Najua inavyomalizika."

Haikumpita Dada Mkubwa kwamba siku moja lazima aseme. Alingoja koo likomae kwanza. Alipanga kwamba vinundu vikishaondoka kabisa atapandisha uzi mmoja mmoja mpaka warudi walikotoka, na mdogo wake asijue kamwe kwamba aliwahi kushushwa. Ulikuwa mpango mzuri, na kila mpango wa namna hiyo unahitaji watu wengine wote wakae kimya mahali pao.

Meneja hakukaa. Walialikwa kwenye ukumbi mkubwa wa jiji, kamera zipo, redio zote zipo, na yeye akaona aibu ya kuwapeleka pale mikono mitupu. Akaenda kwa mpiga kinanda akachukua kanda ya vyombo, ile ile iliyokuwa chini ya sauti zao kwenye rekodi. Hakuwaambia mpaka wakiwa nyuma ya jukwaa, katika chumba cha kuwekea viti vibovu, wakivaa.

"Leo mnaimba na vyombo!" akatangaza, amenyanyua kanda kama samaki mkubwa. "Itakuwa kama redioni kabisa."

Dada Mkubwa akamvuta nje. "Hiyo kanda iko juu kwa Kitinda."

"Iko pale pale alipoimba mwenyewe."

"Mwaka juzi."

"Na juzi je? Juzi si ameimba, watu wakapanda juu ya viti? Dada, usinitie kiwewe. Vaa viatu."

Akarudi ndani. Mdogo wake alikuwa ameinama anafunga kiatu, shingo nyembamba imetokeza kwenye kola ya gauni jipya.

"Kitinda, nisikilize. Kwenye kanda ni juu kuliko tunapoimba siku hizi."

"Juu kivipi? Si wimbo ule ule?"

"Nimekuwa nikiwaanzishia chini. Kidogo kidogo. Ili koo lako lipumzike."

Mikono ya Kitinda ikaacha kiatu. "Tangu lini?"

"Tangu kwa daktari."

"Kwa hiyo sijapona."

"Umepumzika."

"Sijauliza kama nimepumzika."

Mapengo akajaribu. "Jamani, si tumwambie Meneja kanda imeliwa na panya? Mimi nitakuwa panya." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Kumbe kila nilipofika pale," Kitinda akasema polepole, "hapakuwa pale. Watu wananipigia makofi nimesimama chini, na wewe umesimama nyuma yangu unajua. Mimi nikajisifu mbele ya mama, wewe unajua. Kikulacho…" Hakuimalizia methali. Ilitosha ilipofika.

"Mdogo wangu, usipande leo. Ukifika mwisho niachie mimi. Nitaingia kwa chini, tutaumaliza vizuri, hakuna atakayejali."

"Wewe kaa mlangoni," Kitinda akamwambia, "walikokuweka."

Wakaitwa.

Kanda ikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu ngazini Dada Mkubwa hakuulizwa sauti ya kuanzia. Vyombo vilianza bila yeye. Alisikia mara moja jinsi walivyokuwa juu, kama mtu anayepanda gizani kitanda asichokizoea. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita na mkwaruzo mdogo ambao watu wa mbele huenda waliudhani ni mapenzi. Kitinda hakumtazama dada yake hata mara moja. Kwenye kiitikio cha mwisho Dada Mkubwa alisogea mbele hatua moja, mdomo wazi, tayari kuingia. Kitinda akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akamsimamisha.

Akaliita lile "njoo." Likapanda. Likapanda tena, na hapo, pale penyewe, likakatika. Hakukuwa na kelele. Mdomo wake ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, mkono umenyanyuliwa, na kilichotoka ni hewa.

Ukumbi mzima ukadhani amewaachia. Wakafurahi. Watu mamia kwa mamia wakasimama wakaliimba lile neno kwa niaba yake, wakalipandisha, wakalishikilia, wake kwa waume, wakicheka na kulia kwa raha ya kupewa pale pao wenyewe. Kamera zikawageukia. Meneja pembeni ya jukwaa aliruka kama mtoto. Katikati ya furaha ile, watu wawili tu, aliyesimama nyuma yake na aliyesimama kando yake, ndio walioona Kitinda akifunga mdomo, akimeza, akishika koo kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kitu kilichovunjika na hajui akiweke wapi.

"Mmeua!" Meneja alipiga makofi walipotoka. "Nani alikufundisha ujanja ule?"

Kitinda akatema mate kwenye leso. Yalikuwa na damu.

Daktari yule yule alimwangaza kwa kioo kile kile, na safari hii alichukua muda mrefu. Uzi mmoja ulikuwa umechanika na vinundu vilikuwa vimekuwa vigumu. Ilibidi kukata. "Sielewi," alisema. "Koo la namna hii huuma. Maumivu ndiyo mlinzi wake. Angepaswa kusimama mwenyewe zamani kwa sababu ya maumivu. Mlinzi alikwenda wapi?"

Mama alimgeukia binti yake mkubwa. Alikuwa ameahidi kumuuliza. Alimtazama kwa muda, kisha akaokota mkoba wake, na hakumuuliza, siku hiyo wala siku nyingine, na Dada Mkubwa angetoa chochote aulizwe.

Jeraha lilipopona sauti ilirudi kama mlio wa karatasi inayokunjwa. Ukikaa karibu unaelewa. Ukisimama mlangoni husikii kitu.

Mabinti wa Ngazini waliendelea bila wao kwa msimu mmoja. Meneja alitafuta wasichana wengine watatu, akawavika magauni yale yale, kisha redio ikapata mkate mpya naye akarudia viti vyake. Mapengo alipata kazi kwenye ghala la saruji, akaolewa mbali, na kila akija mjini hupanda kumwona Dada Mkubwa, hucheka sana kuhusu kila kitu isipokuwa hicho. Kitinda akaenda kiwanda cha nyuzi. Mashine za kule hupiga kelele kiasi kwamba wote huongea kwa mikono na midomo, mwenye sauti na asiye nayo ni sawa. Alisema, alipoulizwa, kwamba amepapenda. Alipanda mpaka akawa msimamizi wa zamu.

Dada Mkubwa akajifunza kushona. Akafungua chumba cha mapazia kando ya soko, cherehani mbili, meza ya kukatia, vitambaa vimesimama kwenye pembe kama watu wanaongoja zamu. Aliolewa na fundi wa magari aliyempenda kwa utulivu wake, bila kujua utulivu ule ulitoka wapi. Wanawe hawakuwahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto. Kazini kwake hakuweka redio. Wateja walidhani ni mtu wa dini sana.

Ndugu hawa wawili hawakugombana. Walizika pamoja, waliuguzana, walikopeshana masufuria. Mazungumzo yao yalikuwa mengi na ya kila namna, yakizunguka mahali pamoja tupu kama watu wanavyozunguka shimo la njiani walilolizoea. Koo lilikuwa limekabidhiwa kwa mmoja na limeharibika kwa mwingine, na hakuna aliyejua kama lingeharibika hata hivyo, au lingepona kama maumivu yangeachwa yafanye kazi yake. Dada Mkubwa alijiuliza hilo akikata vitambaa. Kama Kitinda alijiuliza, hakusema.

Kisha mama akazeeka na masikio yakaanza kumwacha. Sauti kubwa alizisikia bado, sauti ya karatasi hakuisikia kabisa. Hapo Dada Mkubwa akapata kazi nyingine. Kitinda akija baada ya zamu hukaa ukingoni mwa kitanda, humnong'oneza dada yake sikioni, na dada husema kwa ile sauti yake nzito: "Anasema umekula? Anasema kiwandani kuna joto. Anasema ukucha wako huo ukatwe." Mama naye alijibu kwa njia ile ile, kana kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio. "Mwambie nimekula. Mwambie asinipigie kelele kuhusu kucha."

"Anakusikia, mama. Mwambie mwenyewe."

"We mwambie tu."

Alasiri moja mama alikuwa ameegemea mto, amechoka, shuka limevutwa mpaka kifuani. Alikuwa akilipapasa pindo lake kwa vidole, mfuaji anayepima kazi ya mfuaji mwingine. Bila kuinua macho akasema:

"Muulize kama bado ana hasira na wewe."

Mtaani mtu aliburuta kitu kizito kwenye lami.

"Mama, mambo hayo ya nini sasa?"

"Muulize. Mimi nilisema nitauliza, nikaogopa. Sasa sina muda wa kuogopa. Muulize."

Dada Mkubwa alimgeukia mdogo wake. Walikuwa wanawake wazima, mmoja na miwani ya kushonea juu ya kichwa, mwingine na vumbi la pamba kwenye nyusi. Kitinda alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alingoja.

"Mama anauliza," Dada Mkubwa akasema kwa ile sauti yake iliyowahi kubeba watu wawili, "kama bado una hasira na mimi."

Kitinda aliinama mpaka midomo yake ikagusa sikio la dada yake. Alisema neno moja. Halikuwa refu na wala hakulirudia. Kisha akakaa wima, mikono mapajani, akamtazama usoni aone atalifanya nini.

Mama alikuwa amenyanyua kichwa kutoka kwenye mto. "Anasemaje?"

Ilikuwa rahisi sana kulilainisha. Mama hangejua, na huenda angelala vizuri.

"Anasema ndiyo," Dada Mkubwa akasema kwa sauti kubwa.

Mama alirudisha kichwa chini.

"Haya," akasema. "Mwambie kesho aje mapema, kabla sijasinzia."

Kitinda aliitikia kwa kichwa. Akavuta shuka lililoteleza miguuni mwa mama, na dada yake akashika upande wa pili.